Google si chanzo: jibu kwa aliyerudishiwa mradi wa muundo wa dunia

Mwanangu wa kidato cha pili, umesema mwalimu amekurudishia mradi wako wa muundo wa dunia kwa sababu ukurasa wa marejeo ulikuwa na maneno matatu tu: Google, YouTube, na "kitabu cha jiografia". Umeuliza kosa liko wapi, maana kweli ulivitumia. Nafundisha jiografia hapa Kasese, na nilipokuwa na umri wako nilirudishiwa kazi kwa jambo hilohilo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nilikuwa nimechora dunia kwenye karatasi ya manila, imekatwa katikati kama chungwa, kiini nimekipaka rangi nyekundu. Kwenye mchoro niliandika kwamba kiini kinaanzia kilomita 2,900 chini ya miguu yetu. Kwenye maelezo niliandika 2,890. Mwalimu aliweka kidole kwenye namba ya kwanza akauliza, "Hii umeitoa wapi?" Akakihamishia kwenye ya pili, akauliza tena. Nilisoma vitabu viwili, lakini ipi ilitoka kipi sikujua. Namba zote mbili zinakubalika, moja imekadiriwa zaidi kuliko nyingine. Mimi ndiye niliyeshindwa kuzitetea.

Fikiri kidogo kuhusu mada yako. Kutoka hapa ulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371 hivi. Shimo refu kwenda chini kuliko yote yaliyochimbwa, lile la Kola huko Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na halikumaliza hata ganda la juu. Hakuna mtu aliyekiona kiini. Tunakijua kwa sababu watu walipima jinsi mawimbi ya matetemeko yanavyopinda na kurudi yakipita ndani ya dunia. Mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, alichunguza rekodi za matetemeko, likiwemo la New Zealand la mwaka 1929, na mwaka 1936 akaeleza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine. Sasa mradi wako ukitaja kiini cha ndani bila kusema umekisoma wapi, msomaji ataifuataje njia mpaka kwa aliyepima?

Google ni kama boda aliyekufikisha mlangoni. Habari umepewa na mwenye nyumba, na huyo ndiye wa kuandikwa. Kwa ukurasa wa mtandaoni andika mwandishi au taasisi, mwaka, kichwa cha ukurasa, anwani yake, na tarehe uliyoufungua kwa sababu kurasa hubadilika. Kwa video andika jina la chaneli, kichwa cha video na siku iliyowekwa. Kama ulitumia simu ya mama, fungua historia ya kivinjari leo, kabla hajaifuta.

Kitabu ni rahisi zaidi: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, toleo kama si la kwanza, mji na mchapishaji. Usinakili kutoka kwenye jalada. Geuza ukurasa mmoja au miwili ndani, pale penye maandishi madogo, ndipo mwaka ulipo. Na angalia majina. Orodha hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo, lakini kwetu Uganda mwandishi mmoja hutanguliza jina la nyumbani na mwingine jina la dini. Nimeona wanafunzi wakiwapanga waandishi watatu kwa herufi J kwa sababu wote ni John. Lehmann anakaa kwenye L, si kwenye I.

Najua pia kitabu chenu cha maktaba huenda hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Changu kilikuwa hivyo. Mhudumu wa maktaba alinifungulia daftari la usajili, tukafuata namba iliyogongwa kwa muhuri pembeni mwa ukurasa, jina na mwandishi vikapatikana. Pamfleti isiyo na mwaka, andika "bila tarehe", usibuni. Na ukimhoji mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa shaba wa Kilembe kuhusu joto la huko chini, naye ni chanzo: jina lake kwa idhini yake, kazi yake, mahali na siku mliyozungumza.

Kuhusu nukta na mabano, muulize mwalimu anataka mfumo gani, kisha ufuate huohuo mwanzo hadi mwisho. Hilo halistahili kukunyima usingizi.

Kazi yako ya leo ni nyingine. Chukua mradi, pitia kila namba na kila mchoro, na pembeni kwa penseli andika umeutoa wapi na ukurasa wa ngapi. Usipopata chanzo cha namba fulani, itafute upya kwenye kitabu ulicho nacho mkononi, au iondoe. Ukikwama na kile kitabu cha jiografia, niandikie hapa sura ya kwanza inaanza na maneno gani na kina kurasa ngapi. Nitakitafuta katika maktaba yetu kesho asubuhi.