Siku moja Matera, kusini mwa Italia, ukitokea mji wa Bari, inatosha?

Inatosha ndugu, ila ukiweza lala usiku mmoja. Watalii wa kutwa wakishaondoka jioni, vichochoro vya Sassi, mitaa ya kale ya nyumba za mapango, vinakuwa vyako.

Hapo Bari usipange foleni ya treni za kawaida. Ya Matera ni ya kampuni ya FAL, ina stesheni yake pembeni ya stesheni kuu, Bari Centrale. Kama ni Jumapili, angalia ratiba kwanza.

Ukifika, anza na Palombaro Lungo, tangi kubwa la maji lililochongwa kwenye mwamba chini ya uwanja wa Vittorio Veneto. Kisha ingia mojawapo ya nyumba za pango zilizopangwa kama zamani: kitanda kimeinuliwa juu, kuku chini yake, nyumbu kafungwa humohumo ndani. Watu waliishi hivyo hadi sheria ya 1952 ilipoanza kuwahamisha, kama 15,000 hivi. Leo mapango hayohayo ni hoteli, tena nyingine bei yake si mchezo!

Vaa viatu vinavyoshika, ngazi ni nyingi na mawe yamesuguliwa mpaka yanateleza. Mkate wao wa ngano ngumu usiukose.