Mkaa Umekolea, Moshi Umeisha: Mtoto Tumboni Yu Salama?

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano, tunaishi chumba kimoja. Jiko la mkaa nalikoleza nje, moshi ukiisha naliingiza ndani nabandika maharage. Siku hizi jioni kichwa kinanigonga na nimeanza tena kutapika. Ni mimba au jiko? – Mama Kijacho, Mbagala

JIBU: Dada, huenda ni jiko. Moshi umeisha, gesi haijaisha. Mkaa mwekundu ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, nayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtoto anategemea damu yako, kupitia kondo la nyuma. Gesi ikishamfikia huchelewa kumtoka: wewe umeshapata nafuu, yeye bado. Wanaopikia mkaa na kuni ndani kila siku huzaa zaidi watoto wasiofika kilo 2.5.

Toka nje, kaa saa moja. Kichwa kikiachia, na wenzako chumbani nao huumwa muda uleule, mshtaki ni jiko. Hata hivyo kapime presha na mkojo leo leo, maana baada ya wiki 20 kichwa na kutapika vyaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba.

Jiko libaki nje mpaka majivu yapoe. Kulala nalo ndani, hata kwa baridi, ni hatari kwenu nyote. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, ufunike sufuria: yataiva mapema. Mvua ikikulazimisha kuingia, fungua mlango na dirisha la upande wa pili, hewa ipite. Dirisha peke yake halitoshi. Na usiwashie mkaa kwa mfuko wa rambo.

Ukizimia, ukichanganyikiwa au mtoto akiacha kucheza, kimbizwa hospitali, na atakayekupeleka ataje jiko la mkaa mapokezini. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha asilimia 98 wakati unaishiwa oksijeni. Mjamzito huwekewa oksijeni kwa muda mrefu kuliko wengine, kwa ajili ya mtoto.

SWALI: Nikihamia jiko la mafuta ya taa? – Yuleyule

JIBU: Masizi yake nayo huingia mapafuni. Gesi ya mtungi ni afadhali sana, dirisha likiwa wazi.