Hedifoni ya kwanza kwa laki 6: anza na chumba na simu, jina lije baadaye

Mdau wa Jinja anauliza: ana shilingi 600,000, anakaa kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, anasikiliza kwa simu ya Android isiyo na tundu la jeki pamoja na laptopu ya zamani. Anataka hedifoni yake ya kwanza ya maana, ya kuvaa juu ya masikio. Rafiki yake kamwambia achukue Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kuwa "hiyo ndiyo ya watu wa studio".

Usiichukue. Si mbaya hata kidogo, ila ni ya chumba kingine na ya kifaa kingine.

Tuanze na chumba. DT 990 ni hedifoni ya wazi: migongo ya vikombe vyake ina matundu, sauti inatoka nje na kelele zinaingia ndani. Ndiyo maana inasikika kama muziki uko mbele yako na si katikati ya kichwa, na masikio hayapati joto haraka. Lakini kwenye muzigo ambao kuta zake hazifiki mabati, jirani atausikia wimbo wako saa sita usiku, na wewe utasikia jenereta ya dukani, mkesha wa maombi na mvua. Mvua ikishapiga mabati, hedifoni ya wazi haina kazi tena. Utapandisha sauti kuishinda, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Sennheiser HD 560S, HD 600 na Philips SHP9500 zote ni za aina hii. Mwenye chumba kimya cha peke yake azifikirie kwanza kabla ya zote. Mwenye muzigo atafute ya kufunga, ile ambayo migongo ya vikombe vyake haina matundu.

Ya kufunga nayo haifungi kila kitu. Inapunguza vizuri mazungumzo, televisheni ya jirani, honi. Mngurumo wa chini wa jenereta au injini ya basi unapita. Huo unazimwa na hedifoni zenye maikrofoni za kuzima kelele, nitazigusa mbele.

Sasa simu. Kuna hesabu moja ambayo wauzaji wengi hawaifanyi: nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Jeki za simu nyingi na adapta ndogo za USB-C hutoa kati ya nusu volti na volti moja, sauti ikiwa juu kabisa. Chukua nusu volti. Kwenye DT 990 Pro ya omu 250 unapata miliwati 1. Hedifoni hiyo hutoa desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1, kwa hiyo 96 ndiyo kilele chako. Muziki wenyewe kwa wastani hukaa desibeli 15 au zaidi chini ya kilele, basi unasikiliza kwenye 80 huku kitufe kimefika mwisho. Inasikika, ndiyo. Ila ukikutana na rekodi ya zamani ya kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, iliyorekodiwa kwa sauti ndogo, au ukigusa ikwaliza (ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu), umekwama. Nusu volti hiyo hiyo kwenye Audio-Technica ATH-M40x ya omu 35 inatoa miliwati 7, yaani kama desibeli 104. Kwenye Sony MDR-7506 ya omu 63 unapita 110, kwa sababu yenyewe hutoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Na DT 770 Pro, ndugu ya kufunga ya hiyo 990, kwa toleo la omu 80 unapata kama 101, inatosha. Hiyo 770 inauzwa kwa omu 32, 80 na 250, na boksi zinafanana. Soma namba kwenye hedifoni yenyewe kabla hujatoa pesa.

Omu nyingi si ubora, wala omu chache si udhaifu. Omu 250 zinataka volti nyingi, basi. Ukinunua 990 utalazimika kununua amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti), na amplifaya inakula pesa ambayo ingekupa hedifoni bora zaidi. Kwa jozi ya kwanza mimi nasema pesa yote iende kwenye hedifoni, adapta iwe ya bei ndogo.

Adapta hiyo nayo ina mtego. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa kando ya barabara mara nyingi hazina chipu ya kugeuza sauti ndani. Ni waya tu, zinategemea simu yenyewe itoe sauti ya analogi kupitia USB-C. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Utachomeka, kimya, utadhani hedifoni imekufa. Uliza yenye DAC ndani, ndiyo hiyo chipu, na ijaribu kwa simu yako, si ya muuza duka. Adapta ya Apple ya USB-C ina chipu nzuri kwa bei yake, lakini toleo la Marekani hutoa volti 1 na la Ulaya nusu volti, na kwenye simu nyingi za Android sauti yake hubaki chini hata ukipandisha mpaka mwisho. Kwenye laptopu haina shida hiyo. Kwa Android, ya Samsung au ya kampuni nyingine inayoeleweka ni salama zaidi.

Kuhusu jina. Kwa dola moja kwenye shilingi 3,600 hivi, laki 6 inaonekana kama dola 166. Usiihesabu hivyo. Ukiagiza nje, ongeza nauli, na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, watatoza ushuru kisha VAT ya 18% juu ya jumla ya bei, bima, nauli na huo ushuru. Ukinunua Kampala, aliyeleta ameshalipa hayo na ameongeza faida yake. Kwa hiyo laki 6 yako ni ya hedifoni ya dola 100 hivi, na hapo kuna mbili ninazoziamini.

ATH-M40x ni ya kwanza kwangu. Besi yake haijajazwa kama ya ndugu yake wa bei ya juu, M50x, sauti ya mwimbaji haijafunikwa, na waya unachomoka. Kasoro zake zijue mapema: pedi za kiwandani ni nyembamba, sikio kubwa litagusa ndani na kuuma baada ya saa moja, na inakuja na nyaya mbili, mmoja wa mita 3 na mwingine wa kujikunja, hakuna mfupi wa mfukoni. M50x ndiyo inayokuja na wa mita 1.2.

MDR-7506 ni ya tangu 1991 na bado iko kwenye studio na vituo vya redio duniani kote. Kwa kuhariri sauti ya mtu haina mpinzani kwa bei hiyo, unasikia kila mate na kila pumzi. Kwa kustarehe saa nne mfululizo inachosha, sauti za juu ni kali. Waya wake wa kujikunja hauchomoki.

Ukiweza kusubiri na kuongeza, DT 770 Pro ya omu 80 inavalika kuliko hizo zote. Pedi zake ni za kitambaa laini cha veluri, na karibu kila kipande kinabadilishwa bila gundi. Besi ni nzito na sauti za juu zina makali, hiyo ndiyo tabia ya Beyerdynamic.

Na kama hoja yako ni sauti safi tu na si kuvaa kitu kikubwa, za kuingiza sikioni kama 7Hz Salnotes Zero huuzwa karibu dola 20 na zinapiga kwa usawa kuliko hedifoni nyingi za dola 100. Nalisema hili kila mara na watu hawapendi kulisikia.

Sasa jambo linaloharibu hedifoni nzuri kuliko yote: kuziba. Pedi isipogusa ngozi pande zote, sauti za besi, zilizo chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), zinavuja na hedifoni ya kufunga inakuwa nyembamba kama redio ya mfukoni. Wengi huishia kusema "haina besi" kumbe ni miwani. Vaa, cheza wimbo wenye besi isiyobadilika, halafu kandamiza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, hedifoni haijaziba. Miwani yenye mikono minene ndiyo sababu ya kawaida. Ya pili ni nywele: misuko minene, rasta au kilemba huinua utepe wa juu, kikombe kinapanda na ukingo wa chini wa pedi unafunguka pale chini ya sikio, karibu na taya. Vuta utepe hatua mbili zaidi kila upande, sogeza misuko itoke chini ya pedi, jaribu tena. Kama bado, pedi za veluri husamehe zaidi kuliko ngozi bandia. Anayesuka na kufumua kila mwezi ajaribu akiwa na mtindo mnene kuliko yote anayoifanya.

Dukani Kampala, iwe Mutaasa Kafeero au duka la vioo la Acacia, nenda na faili zako kwenye simu. Weka wimbo unaoujua kwa moyo, na mmoja wa ala za mbao: embaire, marimba ya Busoga, inafaa sana, maana kila pigo lina mwanzo mkali na sauti ya mwili wa ubao baada yake. Hedifoni mbovu inakupa "tak" tu bila ubao. Kisha faili ya toni inayopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, zinapatikana bure. Sikiliza kati ya hezi 30 na 100: mkwaruzo au mtetemo upande mmoja ni unywele umegusa utando wa spika ndani, au utando umepasuka. Toni ikihama kutoka katikati kwenda upande mmoja kwa muda mfupi, si neno. Ikibaki huko, pande mbili hazilingani. Tikisa waya kwenye jeki na kwenye kikombe huku muziki unacheza. Mwisho vaa dakika kumi nzima. Utepe unaobana kidogo dukani utabana sana nyumbani.

Feki ni nyingi, na sticker siku hizi wanazichapa vizuri. Bei ndiyo shahidi wa kwanza: kitu cha dola 150 hakiwezi kuwa laki moja kikiwa kipya. Shahidi wa pili ni mita ya fundi redio. Iweke kwenye omu, gusa ncha ya jeki na shina lake, huo ni upande wa kushoto. Kisha pete ya kati na shina, huo ni wa kulia. Namba itakuwa karibu na omu zilizoandikwa, chini kidogo mara nyingi, na pande zote mbili zikaribiane. MDR-7506 ikisoma thelathini na kitu badala ya karibu sitini, imewekwa spika za bei rahisi ndani. Kwa M40x kipimo hiki hakisaidii sana, kwa kuwa omu zake 35 ni sawa na za feki nyingi. Hapo tegemea bei, waya wa kufunga kwa kuzungusha, na risiti yenye jina la duka.

Bluetooth? Kwa jozi ya kwanza ya kusikiliza kwa makini, hapana, isipokuwa unasafiri kila wiki kwa basi la Gulu au Mbarara. Kwenye mngurumo wa basi, ya kuzima kelele inashinda yoyote ya waya. Ila betri inazeeka, na kwa pesa ile ile sehemu ya gharama imekwenda kwenye redio na chipu. LDAC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth, kwenye Android hufika kilobiti 990 kwa sekunde. iPhone haina, inatumia njia nyingine, AAC. Juu ya bodaboda usivae yoyote.

Faili nazo. MP3 za bure za kilobiti 128, tena zilizobanwa mara mbili, zitasikika vibaya zaidi kwenye hedifoni nzuri, kwa kuwa utasikia mikwaruzo ya matoazi uliyokuwa huisikii. Kilobiti 320 ni kama MB 144 kwa saa. Pakua kwenye Wi-Fi, usile bando barabarani. Kwenye Android kuna programu ya Wavelet, ina marekebisho tayari ya hedifoni nyingi. Kwenye Windows kuna Equalizer APO. Ukiongeza desibeli 5 popote, shusha sauti ya jumla kwa 5, la sivyo inapasuka. Na kwa masikio: WHO wanaruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini 90 kwa saa 4 tu.

Utunzaji ni mfupi. Jasho na unyevu wa ziwani humenya ngozi bandia. Futa pedi kwa kitambaa chenye maji kidogo, usitumie spiriti, na hedifoni itundike hewani badala ya kuifungia begini ikiwa na jasho. Pedi mbadala nene zinavalika zaidi lakini hubadilisha sauti, hasa besi. Waya wa M40x ukikatika, tafuta wa milimita 2.5 wenye ncha nyembamba ya kuzungusha. Wa kawaida haufiki ndani. Kwa 7506 na 770 utakaokatika jekini, fundi anaweza kuweka jeki mpya ya milimita 3.5. Mwambie asikwangue nyaya kwa wembe, ni nyembamba na zina rangi ya kuzuia umeme juu yake. Azitie kwenye tone la lehemu ya moto sekunde mbili tatu, rangi itaungua yenyewe. Nyekundu huwa ni kulia, kijani au bluu kushoto, ya shaba ni ya pamoja, ila apime kwa mita kwanza. Na apitishe kifuniko cha jeki kwenye waya kabla ya kulehemu, si baada.