Pampu ya gesi imetupunja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva teksi, Ubungo, Dar es Salaam. Nimefunga mfumo wa gesi asilia, mtungi mpya wa lita 60. Siku ya kwanza kujaza geji ya presha ilifika bar 200, pampu ikaandika kilo 8.6. Mwanangu wa kidato cha nne akapiga hesabu, akapata kilo 7.6, akasema tumelipia kilo nzima ya hewa. Kesho yake alfajiri geji ikasoma 180! Nusura nirudi kugombana na yule kijana wa pampu. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Afadhali uliandika kwanza. Nimeirudia hesabu ya mwanao kwa nyuzi joto 30 na ni sahihi kabisa: 7.6. Pampu nayo haikukuibia. Kilichokosea ni kanuni yenyewe, ile ya gesi ya shuleni inayounganisha presha, ujazo, joto na wingi wa gesi, ambayo hata mimi niliifundisha miaka mingi bila kuwaambia watoto inaishia wapi.

Kanuni ile ni ya gesi ya kufikirika, ambayo molekuli zake hazina ukubwa wala hazivutani. Ukijaza tairi la baiskeli inakubali, maana molekuli zimetawanyika. Kwenye bar 200 zinabanana. Gesi yako, kama ile ya Songo Songo, karibu yote ni methani, na molekuli za methani zikikaribiana huvutana. Inayotaka kugonga ukuta wa mtungi inashikwa shati na wenzake, inafika imepoa nguvu. Kwa hiyo geji inasoma kidogo kuliko wingi wa gesi iliyomo. Mafundi wana namba ya kurekebisha hilo, huiita Z. Gesi ya kufikirika Z yake ni 1. Methani kwenye bar 200 na joto la Dar ni kama 0.84. Gawa 7.6 kwa 0.84, utapata kilo 9 na kidogo.

Najua utauliza: mbona nimepewa 8.6? Hapo ndipo penye ile 180 yako. Gesi ikishindiliwa haraka hupata moto. Gusa mtungi ukitoka kujaza. Gesi ya moto hufika 200 kwa kilo chache zaidi. Pampu ilikoma kwenye 200 gesi ikiwa ya moto, ndiyo maana hukufikisha 9; usiku ikapoa, mshale ukashuka. Gesi haikwenda popote.

Usidhani kila gesi inakupa nyongeza hivyo. Mpwa wangu anapiga mbizi Mafia na mtungi wa hewa. Hewa kwenye bar 200 Z yake imeshapita 1 kidogo, na kwenye 300 inakaribia 1.1, kwa sababu sasa ukubwa wa molekuli zenyewe ndio unaokula nafasi. Yeye hupata pungufu ya hesabu, na chini ya maji hilo si jambo la kuchekea.

Mwambie mwanao kwamba aliyeyaweka haya mawili, ukubwa na mvutano, ndani ya mlinganyo mmoja ni Van der Waals, Mholanzi, mwaka 1873. Alikuwa mtoto wa seremala, akaanza kama mwalimu wa shule ya msingi. Tuzo ya Nobel aliipata 1910. (Walimu, mnaona!) Kwenye mtihani lakini aandike 7.6, asije akakosa maksi kwa ajili yangu.

Wewe angalia kitu kimoja. Gari likilala bila kuwashwa na mshale ukaendelea kushuka hata siku ya pili, mtungi ukiwa umeshapoa, hapo Z haihusiki. Paka povu la sabuni kwenye valvu na maungio. Likitoa mapovu, funga valvu na umwite fundi aliyekufungia.