Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Mpenda Picha, Lenzi Kwanza

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Mwanza. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu, hasa ndege wa ufukweni mwa Ziwa Victoria na wale wa Kisiwa cha Saanane, na jioni huwapiga picha wanangu wakicheza sebuleni. Ndege wakiwa mbali simu huwageuza kuwa madoa, na picha za sebuleni hutoka zimejaa chengachenga. Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na nusu. Muuzaji mmoja ananihimiza nitafute kamera yenye megapikseli nyingi, rafiki yangu anasema bila fuli fremu nitajuta, na mwenzangu kazini anasisitiza kuwa kamera za kioo zimepitwa na wakati. Sitafuti kazi ya harusi, ni mapenzi tu. Ninunue ipi?

*Msomaji, Mwanza*

JIBU

Mwalimu, barua yako imenifurahisha kwa sababu umetaja picha unazozitaka kabla ya kutaja kamera, ilhali wengi wanaoniandikia huanza na jina la kampuni. Umetaja kazi mbili, ndege walio mbali na watoto wanaokimbia katika chumba chenye taa hafifu, na kila moja inadai lenzi yake. Kwa hiyo nakushauri uanze kutenga fedha za lenzi, na kinachobaki ndicho kiamue utanunua bodi gani, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

La megapikseli halitatuchukua muda. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6000 kwa 4000, na ukiichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi utapata picha yenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 34 hivi. Sidhani kama ukutani kwako utatundika kubwa kuliko hiyo.

Hoja ya rafiki yako inahitaji maelezo zaidi. Fuli fremu ni kamera ambayo sensa yake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ina milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za wapenda picha zina sensa ndogo zaidi iitwayo APS-C, ambayo kwa kamera za kampuni ya Nikon ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ni kweli kwamba sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi na hupunguza chengachenga usiku, lakini kwa mtu anayefuata ndege ule udogo una faida: kwa kuwa sensa ndogo huchukua sehemu ya katikati tu ya mandhari, lenzi ya milimita 300 iliyofungwa kwenye Nikon ya APS-C huonyesha eneo lile lile ambalo fuli fremu ingelionyesha kwa lenzi ya milimita 450. Lenzi ndefu za fuli fremu ni nzito na ghali, na akiba yako ingemalizwa na bodi kabla hujamfikia hata yangeyange mmoja.

Sasa tuje kwenye lenzi zenyewe. Bodi nitakayokupendekeza hapo chini ni ya Nikon, kwa hiyo kwa ndege ningekuchagulia Nikon AF-P DX ya milimita 70 hadi 300, iliyotoka mwaka 2016, ambayo ni nyepesi na fokasi yake, yaani kulenga ili picha iwe kali, ni ya haraka na kimya. Angalia sana maandishi yaliyo juu yake, kwa sababu zilitengenezwa za aina mbili, moja ikiwa na herufi VR na nyingine bila hizo. VR ni mtambo unaotuliza mtikisiko wa mikono, na kwa urefu wa milimita 300 huo si mtambo wa kuukosa kwa ajili ya punguzo dogo la bei. Vilevile lenzi za AF-P hazifanyi fokasi kwenye baadhi ya kamera za zamani, kama vile D90 na D3100, kwa hiyo usizichanganye kwa kudhani kuwa Nikon yoyote huingiliana na lenzi yoyote.

Kwa sebuleni, lenzi ya Nikon ya milimita 35 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) itakubadilishia kabisa picha za wanao. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufikia f/5.6 tu; tundu la f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya huo. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kupiga kwa kasi ya 1/200 ya sekunde badala ya takriban 1/20, na mtoto anayeruka juu ya kochi hatoki akiwa mvuke. Ukiona fedha hazitoshi kwa lenzi zote mbili, anza na ya ndege, kwa sababu simu yako bado inaweza kukuhifadhia kumbukumbu za nyumbani, lakini furukombe aliye juu ya mti ng'ambo ya maji haiwezi kumfikia.

Kuhusu kioo, yaani kile kilichomo ndani ya kamera kinachorusha taswira ya lenzi hadi kwenye tundu la kuchungulia, mwenzako kazini amesema ukweli nusu. Mwaka 2018 Canon na Nikon walianzisha mifumo mipya ya fuli fremu isiyo na kioo, na jitihada zao za lenzi mpya zimehamia huko. Kamera hizo zina uzuri wake: katika tundu la kuchungulia unaona mwanga wa picha jinsi utakavyokuwa kabla hujabonyeza, na nyingi za karibuni hutambua jicho la mnyama au ndege zenyewe. Kwa mwenye fedha za kutosha ningesema achukue hiyo. Hata hivyo, uhamaji huo huo ndio uliowafanya watu wengi wauze kamera zao za kioo zikiwa bado nzima, na hapo ndipo akiba yako inapopata nguvu. Ningekutafutia Nikon D5600 iliyotumika, ya mwaka 2016, yenye megapikseli 24, nukta 39 za fokasi, na betri ambayo kwa vipimo vya kampuni hupiga zaidi ya picha 900 kwa chaji moja. Siku ukihamia kwenye mfumo mpya, lenzi zote mbili nilizotaja zitafuatana nawe kwa kutumia adapta, kiungo cha kuunganisha lenzi na bodi, ya kampuni hiyo hiyo, na fokasi yake itaendelea kufanya kazi.

Kamera iliyotumika haitaki haraka. Nenda mchana, ukiwa na kadi yako ya kumbukumbu mfukoni. Piga picha ya anga tupu kwa tundu la f/16, kisha uikuze uone kama kuna madoa ya vumbi kwenye sensa. Funika lenzi, piga picha ya giza, na utafute nukta nyekundu au nyeupe zisizotakiwa kuwapo. Faili la picha huhifadhi hesabu ya mara ambazo shata, yaani pazia linalofungulia mwanga, imefunguka, na zipo programu za bure za kuisoma. Kwa bodi za daraja hili, iliyokaribia 100,000 iogope, iliyo chini ya 30,000 ichangamkie. Fungua menyu pia, kwa maana baadhi ya kamera zilizokusudiwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee. Hatimaye mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Mimi niliwahi kununua lenzi jioni katika duka lenye taa moja, na asubuhi nikakuta utando wa kuvu ndani yake kama nyuzi za buibui. Tangu hapo sinunui chochote cha kioo bila tochi.

SWALI

Nimeachiwa na marehemu baba lenzi mbili za zamani zilizokaa miaka mingi katika mkoba wa ngozi hapa Unguja. Moja ina kuvu. Je, nitafute kamera inayozikubali au niziache?

*Msomaji, Mjini Unguja*

JIBU

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Ile iliyo safi itafutie bodi, kwa kuwa adapta za lenzi za zamani kwa kamera zisizo na kioo ni nyingi na nyingine ni rahisi kupatikana, ingawa mara nyingi fokasi utaizungusha kwa mkono. Yenye kuvu mpelekee fundi wa lenzi aitazame kabla hujatumia fedha yoyote: kuvu changa husafishika, lakini iliyokomaa hula tabaka la juu la kioo, na alama zake hazifutiki. Usizihifadhi pamoja.

Kuvu hupenda giza, unyevunyevu na hewa iliyotulia, na mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini wakati wa masika una vyote vitatu. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani pakiti za silika zinazonyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu, kisha hakikisha kinasoma kati ya asilimia 40 na 50. Pakiti hizo zikishiba zikaushe kwa joto dogo, uzirudishe. Na utokapo katika chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba kwa nusu saa hivi hadi ipate joto la nje, ndipo uifungue, la sivyo jasho litaganda juu ya lenzi na ndani yake.