Kinyonga wangu hafumbui macho mchana: nimtilie dawa gani?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina kinyonga jike wa Yemeni, yule mwenye upanga kichwani. Ana miezi saba na sijawahi kumweka na dume. Siku ya nne leo anafumba macho mchana kutwa, hataki kula, na jana nilimkuta amelala chini ya kizimba. Akipanda tawi, miguu ya mbele inatetemeka. Chakula chake ni nyenje, na unga wa kalsiamu huwa nawanyunyizia nikikumbuka. Kizimba kipo dirishani, jua linampiga kupitia kioo asubuhi yote, na juu kuna taa ya joto ya kawaida. Nimenunua dawa ya macho ya matone. Nimtilie mara ngapi kwa siku?

Jibu: Usimtilie. Sidhani kama macho ndiyo yanayoumwa. Kinyonga mzima hafumbi macho yote mawili mchana. Akifanya hivyo anakwambia kwamba mwili mzima umemwelemea. Kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni ile miguu inayotetemeka, halafu kile kioo cha dirisha.

Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, yaani ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo ngozi ya kinyonga inayoihitaji ili kutengeneza vitamini D3. Bila D3, hata kalsiamu anayoila haifyonzwi ipasavyo. Taa ya joto nayo haina UVB. Kwa hiyo mnyama wako anaota jua kila asubuhi na bado ni kama anaishi gizani. Kalsiamu ya damu ikishuka, mwili huikopa kwenye mifupa: mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea, misuli inatetemeka. Ulimi pia ni misuli, ndiyo maana wengine huacha kula kwa sababu tu hawawezi tena kuurusha.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Umesema hajakutana na dume, nadhani ukimaanisha mayai hayapo. Jike wa aina hii hutaga bila dume, kama kuku afanyavyo, na anaweza kuanza akiwa na miezi minne hadi sita. Mayai hayataanguliwa, ila yanahitaji kalsiamu ileile ambayo wako hana. Mtazame ubavuni: je, tumbo limejaa, lina vijiuvimbe kama maharage? Siku chache zilizopita alikuwa akihangaika huku na huko, akikwaruza sakafu? Jike mwenye mayai anayechimba huku macho yakiwa wazi, muache atage. Mwenye mayai aliyelegea chini macho yamefumba, huyo ni wa dharura, kwani huenda mayai yamekwama. Kwa wako, mayai yawepo yasiwepo, nisingesubiri kesho.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyezoea reptilia. Omba eksirei, picha moja huonyesha hali ya mifupa na kama kuna mayai. Kwa kawaida atampa kalsiamu na maji, kisha ndipo aamue kuhusu mayai. Kuna sindano ya kusukuma mayai yatoke, oksitosini, lakini kuipiga kabla ya kurekebisha kalsiamu na kuhakikisha njia haijaziba ni hatari, kwa hiyo usione haya kuuliza. Ikishindikana, ni upasuaji.

Kabla hujaondoka nyumbani, shusha matawi yote yawe karibu na sakafu na utandike kitambaa laini, maana mfupa laini huvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Sehemu ya kuotea joto iwe nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi. Ukimshika, usimvute kutoka tawini wala kumbana kifua. Mwekee mkono chini ya kifua apande mwenyewe. Nyunyiza maji kwenye majani, au udondoshe tone moja moja kwenye ncha ya mdomo, alambe akitaka. Kumkamua maji mdomoni kwa bomba la sindano ni kosa ninaloliona mara nyingi: tundu la njia ya hewa lipo mbele kabisa mdomoni, na maji huishia mapafuni. Chakula pia usimlazimishe.

Kuhusu rangi: wengi huamini kinyonga hubadilika ili afanane na mahali alipo. Mara nyingi rangi husema hali yake tu. Akiwa mweusi-mweusi siku nzima, ana baridi, ana hofu au anaumwa.

Akipona, kazi ndiyo inaanza. Nunua taa ndefu ya mrija ya UVB, ifunge juu ya wavu bila kioo katikati, na uibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB huisha kabla ya mwanga. Kalsiamu isiyo na D3 iwe karibu kila mlo, na unga wenye D3 na vitamini mara mbili tu kwa mwezi, kwani D3 ikizidi ni sumu. Nyenje nao walishe majani mabichi kabla ya kumpa. Na usimshibishe kupita kiasi. Najua inafurahisha kumwona akila, lakini jike anayeshindiliwa chakula kwenye joto kali anaweza kubeba mayai 60 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Akikaribia utu uzima, wadudu wachache siku moja na kuruka siku ya pili wanamtosha.

Muwekee pia ndoo ya kutagia sasa hivi: mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30, ulioshindiliwa kiasi kwamba shimo halibomoki. Funika pande za kizimba asiwaone watu. Akihisi anatazamwa anaacha kuchimba na kubaki na mayai tumboni.

Leo ukienda kwa daktari, mbebe katika kisanduku chenye giza na joto la wastani. Chukua na kopo la unga unaompa, picha ya taa yako, na choo chake cha mwisho kikiwa bado kibichi. Ile sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, mwambie daktari mapema kwamba kuna dalili ya ukosefu wa maji.