Re: Mtoto wa mbwa analia usiku na kukojoa sebuleni
Mkuu, huyo mtoto wa mbwa uliyesema ana wiki 7 bado mdogo sana, wala hana kosa, katoka kulala kwenye joto la mama na wenzake sasa yuko peke yake gizani lazima alie. Mtafutie boksi, mwekee kitambaa na chupa ya maji ya uvuguvugu umeizungushia taulo, alale karibu na wewe siku za mwanzo. Mkojo nao, mtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, sehemu ileile, akikojoa msifie hapohapo. Tafadhali usimchape, atakuogopa tu halafu ataanza kukojoa kwa kujificha nyuma ya kochi.

Ila hilo ulilosema la kusubiri akue ndo umchanje hapana mkuu!! Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, haisubiri, wangu aliharisha damu siku mbili tu akafa, mpaka leo inaniuma. Chanjo inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3 hivi. Kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo, na dawa ya minyoo apate hukohuko. Msosi usiweke kitunguu kabisa.